Nani Kakwambia Nimesamehe

Trondheim, 30 Julai 2004

Gunnvor,

Nakuandikia nikiwa kwenye kitanda cha chini katika nyumba ya mahujaji. Kitanda cha juu ni chako, na shuka zake bado zimekunjwa. Nimekungoja tangu jana mchana. Nililizunguka kanisa mara tatu kama desturi inavyotaka, halafu nikalizunguka tena nikikutafuta wewe. Mwishowe nikamwuliza mlinzi. Akasema alimwona mama mrefu mwenye kofia ya kijani akizungumza na mwanamume wa shati jeupe, na baada ya hapo hakuwaona tena.

Nikajua ni Steinar, mwanao wa pekee, ambaye hamjasemezana naye miaka tisa. Nikafurahi hata nikamnunulia mlinzi soseji.

Sasa naweza kusema, hakuna tena cha kuficha. Kule kilimani Feginsbrekka, tulipouona mnara wa kanisa kwa mara ya kwanza, nikakaa chini nikasema malengelenge yamenirudia, tangulia. Hayakuwepo. Nilitaka ushuke peke yako umkute. Mimi ndiye niliyempigia simu, kutoka nyumba ya wageni ya Hjerkinn, ulipokuwa unaoga.

Lakini usiku umepita na asubuhi imepita, Gunnvor, na furaha yangu imechacha. Tangu Hamar tumetembea pamoja. Ulinitoboa malengelenge kwa sindano na uzi kama mtu anayeshona gunia, ukaniambia nisijikunje kama mtoto. Tulikunywa kikombe kimoja. Ulinilaza nyumbani kwako. Na sasa uko Stjørdal mezani kwa mwanao, unakula, na mimi niko hapa nalinda kitanda kitupu. Ungeshindwa nini kumwachia mlinzi neno moja? Sisi watu wa Denmark tuna tabia ya kuaga. Hatuna milima, lakini tuna hiyo.

Kesho napanda treni kurudi kwetu. Barua hii naituma kwako Ringebu, utaikuta utakapochoka kubembelezwa.

Birthe


Ringebu, 5 Agosti 2004

Birthe Kvistgaard,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, koti mwilini. Kumbe ni wewe kweli. Steinar aliponitajia jina lako nilidhani nimesikia vibaya, na njia nzima kwenye treni nilikuwa nakutafutia sababu: labda kuna Birthe mwingine, labda mtoto kachanganya mambo. Sasa umekiri mwenyewe kwa mkono wako, na juu yake unadai kuagwa.

Unafikiri niko Stjørdal nakula. Ngoja nikwambie nilicholishwa.

Nilishuka kilima peke yangu, kama ulivyopanga. Siku ya Mtakatifu Olav, watu wamejaa, wamevaa mavazi ya jadi, kengele zinalia. Nikasimama mbele ya ule ukuta wa masanamu ya watakatifu, nanuka kama zizi, na nilikuwa na furaha. Nataka ulijue hilo. Kisha mtu akanigusa bega.

"Mama," akasema. "Asante."

"Asante ya nini?"

"Ya kunisamehe."

"Nani kakwambia nimekusamehe?"

"Birthe. Kasema umemtuma yeye kwa sababu kwenye simu ungeshindwa. Kasema ulikuwa unalia."

Mimi, nilikuwa nalia. Ulisikia wapi?

Alipoona uso wangu alielewa, Birthe. Akawa mwekundu mpaka masikioni, mtu mzima wa miaka arobaini. Wanawake wawili waliokuwa wanapigana picha wakashusha kamera kututazama. Akasema, "Kwa hiyo nimekuja bure." Nami nikamjibu, "Angalau leo helikopta imeruka."

Neno hilo unalijua lilikotoka, kwa sababu nilikusimulia jikoni kwangu, ulipokiona kile kipande cheupe ukutani nilipoiondoa picha na kuuliza ilikuwa ya nani. Nilikwambia jinsi Torleif alivyokufa, na Steinar akapiga simu kutoka mtambo wa mafuta baharini kusema kuna ukungu, helikopta hairuki, hatoweza kuja kumzika baba yake. Na Asbjørn wa jirani, anayefanya kazi kwenye mtambo uleule, alishuka na helikopta ya asubuhi ileile, akaja akabeba jeneza. Ibada nzima nilikuwa nalitazama bega la Asbjørn. Hayo sijamwambia hata mchungaji. Nilikwambia wewe, mgeni, nikiwa nakumenyea viazi.

Alipogeuka akaondoka, nami niligeuka nikaenda stesheni. Kanisani sikuingia. Nimetembea kwa miguu kutoka Oslo, nimefika mlangoni, sikuingia.

Nani alikutuma? Nani alikupa ruhusa ya kuutia mdomo wangu maneno yako? Kiherehere chako umekipeleka kwa watu wasiokuita, na bado unazungumza Kidenmark chenu kama mtu mwenye kiazi mdomoni. Nashangaa kwamba mwanangu alikuelewa.

Usiniandikie tena.

Gunnvor Haugstad


Skive, 12 Agosti 2004

Gunnvor,

Umesema nisikuandikie. Nakuandikia. Ukimaliza kusoma itie motoni.

Nilidanganya. Sitazunguka. Nilimwambia mwanao umemsamehe, na hukusema hivyo. Ulichosema, chini ya lile jabali la Dovre, mvua inatupiga kutoka ubavuni na tunagawana mkate mkavu na jibini yako ya kahawia inayonata kwenye meno, ni hiki: "Nimechoka kumbeba." Hukulia. Kulia nilikuongezea mimi. Kesho yake tukafika Hjerkinn, nikaona kitabu cha simu pale mapokezi, na Steinar Haugstad wa Stjørdal ni mmoja tu.

Kosa langu ni hilo, nalibeba. Sasa sikiliza la kwako.

Umekatiza nchi nzima kwa miguu kwenda kwenye kaburi la Olav wenu, mfalme aliyekufa karibu miaka elfu iliyopita, na mtoto wako aliye hai anaishi nusu saa kwa treni kutoka mlango wa kanisa hilo. Nusu saa. Ulikuwa dereva wa basi, unajua nusu saa ni nini. Kila jiwe la njia tulilolipita ulinisomea umbali uliobaki kwenda kwa mtakatifu. Uliobaki kwenda kwa Steinar hukuutaja hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nauhesabu.

Na lile neno la helikopta usinisukumie. Hilo sikulipanga mimi. Ulikuwa nalo tayari kinywani, umelinoa miaka tisa, unangoja tu shingo ipite.

Nimekuwa na saluni maisha yangu yote. Mtu akilaza kichwa kwenye beseni husema kila kitu. Nimesikia ya wake, ya waume, ya wezi, na sijawahi kutoa neno hata kwa dada yangu. Nimejiuliza kwa nini nimetoa la kwako. Nafikiri ni kwa sababu wale walikuwa wateja.

Sikuombi unijibu.

Birthe


Stjørdal, 16 Agosti 2004

Bibi Kvistgaard,

Uliponipigia simu ile ya Hjerkinn nilikuwa juu ya paa nabadilisha vigae. Baada ya maneno yako nilikaa huko juu hata sijui muda gani. Siku ya sherehe nilipiga pasi shati. Mara ya mwisho kupiga pasi nilikuwa jeshini. Nilifika mapema mno, nikasimama kwenye mawe yale kama mtu anayengoja bibi harusi.

Sikujui. Sijui ni nani anayemfanyia mtu jambo kama hili halafu anarudi kwao kula chakula chake kwa amani. Lakini kwa kuwa unapenda kujua mambo ya nyumba yetu, chukua na hili, ulale nalo.

Juma moja kabla hajafa, baba yangu alinipigia simu kutoka hospitali ya Lillehammer. Sauti ilikuwa imekwisha, ila maneno yalikuwa yaleyale. Akasema, "Umekataa kuja kulima, usije kuzika. Nikikuona karibu na jeneza langu nitaamka nikae kitako." Nikamwuliza kama Mama anajua anachoniambia. Akasema, "Mama yako nimemtuma kahawa." Akakata.

Siku ya kwenda mazishini nilikuwa kwenye foleni ya helikopta, begi mkononi. Asbjørn alikuwa mbele yangu. Nikampa mtu mwingine kiti changu, nikarudi ndani. Ukungu haukuwepo. Nilipompigia Mama simu ilibidi niseme kitu, nikasema ukungu. Ningemwambia nini? Mwanamke amefiwa na mumewe jana, leo mimi nimfukulie? Nikaona heri anichukie mimi niliye hai, naweza kuvumilia. Na nimevumilia. Nilikuwa nimeshazoea, mpaka simu yako ilipolia.

Mama hajui hili, na hatalijua kutoka kwako. Umeshaisemea familia yetu vya kutosha.

Steinar Haugstad


Skive, 23 Agosti 2004

Steinar,

Barua yako nakurudishia humu ndani. Siwezi kuiweka nyumbani kwangu. Umenikataza nisiseme, na sitasema. Safari hii nimejifunza, na somo lenyewe nimelipata kwa mama yako, ambaye hafundishi kwa upole.

Lakini nami nina hasira, na usidhani ni yako peke yako. Mtu anayetaka siri ikae hampelekei mwanamke ambaye mwezi uliopita tu amempigia simu asiyemjua kumwambia mambo ya watu. Uliniletea mimi ukitumaini nitafanya nilichofanya mwanzo. Sifanyi. Ni yako. Ipeleke inakotakiwa.

Nimewatazama ninyi. Baba anamtuma mama kahawa. Mtoto anampa mama ukungu. Nami nikaja nikampa msamaha ambao hakuuomba wala hakuutoa. Tumekuwa watatu sasa tunaomwamulia mtu mmoja, na huyo mmoja ana akili kutuzidi wote. Haya, mwulizeni yeye anataka nini.

Na kwa shati lile, kwa kusimama kwako pale, nisamehe. Hilo nakuomba mwenyewe, simtumi mtu.

Birthe Kvistgaard


Stjørdal, 1 Septemba 2004

Mama,

Hii nilimwandikia yule Birthe kwa hasira. Amenirudishia. Imekaa kwenye dirisha la jikoni siku kadhaa, na kila nikiosha vyombo inanitazama. Ilipaswa kuja kwako tangu zamani.

Steinar


Ringebu, 8 Septemba 2004

Steinar,

Nimeisoma. Kisha nikaenda kuisoma tena zizini ili nipate mahali pa kupigia kelele. Ng'ombe niliwauza, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Alinituma kahawa. Ni kweli, nakumbuka. Kahawa ya ile mashine ya ukumbini, ambayo mwenyewe alikuwa akiiita maji ya kuoshea viatu. Na mimi nilifurahi. Nilidhani hamu ya kula na kunywa imemrudia. Nikashuka ngazi mbio, nikarudi nimeishika kwa mikono miwili isimwagike. Alikuwa ameshageukia ukutani. Hakuinywa. Nikainywa mimi, ikiwa ya baridi, nikimshika mkono.

Jana nimekwenda kaburini kwake nikamwambia niliyotaka kumwambia. Bwana anayekata nyasi za kanisa alizima mashine yake akajifanya anatafuta kitu ndani ya gari. Sikupunguza sauti. Nimeishi na mtu yule miaka thelathini na tatu, nikafua nguo zake, nikacheka alipotaka nicheke, na alipokuwa anakufa alinipeleka ghorofa ya chini ili apate kumkana mtoto wangu. Nikamwambia, Torleif, ukitaka kukaa kitako, kaa sasa.

Sasa wewe. Ulinionea huruma. Umenipa chuki miaka tisa niilee, ili nibaki na mume mzuri. Nani kakwambia nilihitaji mume mzuri? Nililala naye kitanda kimoja, nilimjua. Ungeniambia siku ileile ningelia, ningevunja sahani, na jioni yake ningekuwa na mwana. Nimeendesha basi milimani juu ya barafu, watu arobaini wamelala nyuma yangu, na kati yenu hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba naweza kubeba habari.

Ijumaa ijayo nitalala Sundet, pale mtoni mahujaji wanapolala usiku wa mwisho. Jumamosi asubuhi uje. Nataka kuitembea siku ile upya, na safari hii hakuna wa kunipangia. Shati jeupe usivae. Sijakusamehe, wala sijui tena kama kuna cha kusamehe. Nataka kugombana nawe ana kwa ana, na kwa simu sitosheki.

Mama yako


Stjørdal, 21 Septemba 2004

Birthe,

Kwanza, bado nina hasira nawe. Steinar amenionyesha ulichomwandikia, ukurasa ule wa kahawa na ukungu, na nilikubali kila neno, na hasira haikupungua. Nakueleza ili usije ukaanza tena kunikadiria moyo.

Alikuja. Alivaa sweta la kazini lenye madoa ya rangi. Hatukusalimiana sawasawa. Tulianza kutembea, na kabla hatujaumaliza mteremko wa kwanza tukawa tunagombana. Tuligombana msituni, tukagombana penye matope, tukagombana kwenye daraja. Wajerumani wawili waliokuwa mbele yetu walituachia njia, wakasimama kando kwenye majani mpaka tupite, na yule mwanamume akavua kofia. Steinar aliniambia mambo ambayo mama hapendi kuambiwa. Kwamba mezani nilikuwa natazama sahani yangu baba yake alipokuwa anamsema. Kwamba nilikuwa natoka kwenda kuwasha basi mapema kuliko ilivyohitajika. Nikamwambia ni uongo. Tukaenda kitambo. Nikamwambia si uongo.

Tulipofika juu, pale ulipokaa na malengelenge yako ya kubuni, nilimwuliza lililonichoma kuliko yote. Nikasema, "Mtu ambaye hukuwahi kumtii hata siku moja. Kwa nini ulimtii hilo?"

Alikuwa anang'oa majani ya nyasi.

"Maisha yake yote aliniagiza nisiyoyaweza," akasema. "Hilo niliona ningeliweza."

Nilikaa chini, Birthe. Naye akakaa, si karibu sana. Mnara ulikuwa unaonekana vizuri, mvua imepita. Hatukushikana mikono, kama unataka kujua, na najua unataka kujua. Tulikula mayai.

Mjini, Steinar hakutaka kuingia kanisani. Akasema amesimama pale nje vya kutosha. Mimi niliingia. Nilikuwa nimekusudia kumwombea Torleif, nikapiga magoti, nikashindwa. Basi nikamwambia Mungu atangulie yeye kusamehe, mimi nitafuata nikiweza. Nikabaki kidogo kwenye kiti nikitazama watalii. Kisha nikatoka, na mwanangu alikuwa bado yupo.

Tukapanda treni. Ulisema nusu saa. Ni zaidi kidogo.

Nyumba yake ni safi kuliko nilivyotegemea. Alipika samaki, akamkausha mpaka akawa kama ubao. Nikamwambia amekauka. Akasema, "Basi kesho pika wewe." Nilikuwa na tiketi ya kurudi asubuhi. Nikapika mimi, nami nikatia chumvi nyingi, akaniambia. Hii ni siku ya tatu sasa.

Kuhusu wewe na mimi, sijui. Asubuhi nyingine naamka nikikutafuta nikuelezee jambo, halafu nakumbuka ulichofanya, natamani nikupige na fimbo yako mwenyewe ya kutembelea. Yote mawili ni kweli siku hiyohiyo. Hukunisaliti kwa kumpigia simu. Hata mimi naona sasa kwamba simu ile ilikuwa ipigwe na mtu. Ulinisaliti uliposema nimesamehe. Lile lilikuwa langu. Siku nitakapokusamehe wewe, nitakuja Skive nikwambie, na ukisikia kwa mtu mwingine usiamini.

Steinar yuko nje anapasua kuni, vibaya, kama baba yake. Sasa hivi amechungulia dirishani akauliza kama watu wa Denmark wanakula samaki wa kukausha, maana anao wengi na hajui awapeleke wapi. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Gunnvor